Vipimo Vilivyonitoka Kichwani

Kwanza mnisamehe mwandiko, na makosa ya herufi. Nilisoma shule ya msingi tu, na tangu nilipomaliza sikushika kalamu kwa kazi yoyote ya maana. Herufi zangu zinalala, na penye l mara nyingi naweka r, kama wengi wetu hapa Kigali. Aliyekubali kuzipiga chapa karatasi hizi ameninyooshea mengi, ila mwendo wangu hakuweza kuunyoosha. Naandika mistari michache, nachoka, naweka kalamu chini. Kesho yake nasoma nilichoandika jana kama barua ya mtu mwingine, kisha ndiyo naendelea. Mkiona nimerudia jambo, si kwamba nalipenda. Nimesahau tu kwamba nilishalisema.

Naishi mtaa wa Biryogo na shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Mama na wadogo zangu wako Busanza, kwenye nyumba walizohamishiwa na serikali. Mimi nilibaki huku kwa sababu ya kazi. Shangazi ni fundi cherehani. Anashona magauni ya harusi na mabuibui katika chumba kimoja chenye baraza, kwenye uchochoro unaotokea msikitini. Tuko watatu: yeye, mimi, na fundi mmoja mwanaume aliyetoka Bukavu, anayeshona kanzu na suruali, na ambaye mdomo wake hauna likizo.

Kwa shangazi vipimo haviandikwi. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, bibi yangu, ambaye hakujua kusoma. Yeye anamzungushia mteja futi na kutaja kwa sauti: bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu. Mtu mmoja anakaa kando na kurudia baada yake, polepole, kama watoto wa chuoni wanavyorudia aya baada ya mwalimu. Huyo anayerudia ndiye anayebaki na vipimo. Siku ya kukata, hata kama wiki zimepita, shangazi anatandaza kitambaa mezani na kuuliza, "Yule mama wa duka la mchele, kiuno?" Na huyo anajibu.

Kwa miaka mingi huyo alikuwa mimi. Mimi ni mtu wa haya. Mtu akinisalimia ghafla, jibu linanijia akiwa ameshapita. Lakini namba hazikutaka nimtazame mtu usoni. Nilizisikia mara moja zikakaa. Wateja walirudi baada ya mwaka na shangazi akaniuliza vipimo vyao vya zamani, kwa mchezo tu, ili wageni wasikie. "Mwenyewe hasemi," aliwaambia, "lakini kichwa yake iko na watu wote wa Biryogo." Sikuwa na cheti, wala mdomo, wala sura ya kugeuza watu njiani. Nilikuwa na hicho kichwa, na nilijua kwamba kwa ajili yake nina kiti changu barazani.

Kunenepa kulianza usoni. Mashavu yalijaa mpaka macho yakaonekana madogo. Kisha tumbo, kisha nyama nyuma ya shingo, kama mtu aliyebeba mto mdogo chini ya ngozi. Kwetu mtu akinenepa anapongezwa. Wateja walisimama barazani wakinitazama.

"Kumbe kwa huyu mama kuna kula! Si ndiye aliyekuwa kama sindano?"

"Ndiye," shangazi alisema. "Sema mashallah kwanza, ndiyo uendelee."

"Mashallah. Mbona umetuficha hiyo siri ya sufuria yako?"

Shangazi alifurahi sana. Baba alipofariki kulikuwa na watu waliosema kwamba atanitumikisha na kuninyima chakula. Sasa alinitoa ndani nilikokuwa nakaa siku zote, akaniweka kwenye kiti cha mbele, karibu na njia, ili wanaopita kwenda sala ya adhuhuri wanione. Kila mwezi alinifungulia gauni kiunoni na kuniongezea kitambaa, huku akiimba. Mikono ya gauni hilo hilo aliipunguza, kwa sababu ilianza kupwaya. Aliipunguza kwa mkono wake mwenyewe, na wala yeye wala mimi hatukujiuliza inakuwaje mtu ananenepa tumbo na anakonda mikono.

Fundi wa kanzu ndiye aliyeona, ila kwa mzaha. "Dada yetu, umekuwa kama chungwa lililochomekwa njiti za kiberiti," alisema.

"Na wewe ni kiberiti kitupu," shangazi alimjibu.

Nilicheka na wenzangu. Lakini nilikuwa nimeanza kushika ukuta nikitaka kusimama. Ile njia ya kupanda kutoka sokoni, niliyozoea kuipanda na ndoo kichwani, nilikuwa naipanda kwa vituo. Mguu ukigonga kona ya meza, doa jeusi lilikaa wiki nzima. Na sikulala. Hilo ndilo lililonimaliza. Mwili ulikuwa umechoka kama gunia lililoburutwa, na ndani ya mwili kulikuwa na kitu kinachogonga mlango. Nililala kitandani macho yamefunguka, moyo unakimbia, mpaka nasikia adhana ya alfajiri, na hapo ndipo siku inaanza.

Kisha namba zikaanza kunitoka.

Mwanzoni ilikuwa moja moja. Shangazi alitaja, nikarudia, na nilipofika kwenye mkono, bega lilikuwa limeshaondoka. Nilimwomba apime tena, nikasingizia kelele za pikipiki. Baadaye hata zile za zamani zilichanganyika, za mtu huyu zikakaa kwa mtu yule. Niliingia chumbani kuchukua mkasi, nikasimama katikati bila kujua nimefuata nini. Sikumwambia mtu. Kusema ni kazi kwangu siku zote, na hili lilikuwa zito kuliko yote, kwa sababu nikilisema, kiti changu ningekikalia kwa lipi?

Na nilibadilika. Mimi ambaye sikuwahi kumjibu mtu, nilianza kuwa mkali. Mteja mmoja aliuliza kwa upole gauni lake litakuwa tayari lini, nikamfokea mpaka watu wa mgahawa wa jirani wakatoka na vikombe vyao kutazama. Nilisikia sauti yangu ikitoka na sikuijua. Halafu nililia mchana kutwa.

"Weye, tutakupeleka Ndera," fundi wa kanzu alisema, akicheka. Hapa kwetu kila mtu anasema hivyo, kwa sababu Ndera ndiko iliko hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama anamwambia mtoto mtundu hivyo. Kondakta anamwambia abiria mbishi. Mimi siku ile sikucheka.

Harusi ndiyo iliyonifichua. Familia moja ya mtaani ilimletea shangazi kitambaa ambacho ndugu zao walikinunua Dubai, rangi ya zambarau yenye uzi wa fedha, kipande cha kutosha magauni ya shangazi wote wa bibi harusi. Hakikuwepo kingine kama hicho Kigali nzima. Walipimwa wote siku moja. Nilikaa kando nikarudia, na nilirudia vizuri, kwa sauti, mpaka shangazi akanitazama kwa furaha. Siku ya kukata aliniuliza mmoja mmoja, nami nikajibu bila kusita. Hilo nataka mlielewe: sikuhisi kwamba nimesahau. Namba zilikuja, safi kabisa. Hazikuwa za watu wale tu. Nilimpa vipimo vya wanawake wa harusi nyingine, ya mwaka uliopita.

Walipokuja kujaribu, gauni la kwanza halikupita mabegani. La pili lilimpwaya mwenyewe kama hema. Mkubwa wao alijitazama kwenye kioo kwa muda, kisha akasema, "Mama, hii iko ya nani?"

Shangazi aligeuka. Alinitazama mimi. Wote walinitazama.

Nilijua atanifokea wakiondoka, na nilitamani anifokee. Hakufanya hivyo. Aliomba radhi kwa wale akina mama, akaungaunga alichoweza na vitambaa vingine, na harusi ikapita vibaya. Wiki iliyofuata alikuja mteja mwingine. Shangazi alimzungushia futi, akataja bega, nami nikafungua mdomo kurudia. Alikuwa ameshageuka. Alichukua chaki ya kuchoria kitambaa, akaandika namba ukutani nyuma ya cherehani yake, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyezoea. Kila namba aliiandika akinipa mgongo. Nilihesabiwa nimeshaondoka, na bado nilikuwa nimekaa pale.

Ukuta ukajaa. Mimi nikarudi ndani kupiga pasi, nikaunguza buibui, nikaondolewa kwenye pasi pia.

Shangazi aliniitia sheikh akanisomea. Mama alikuja kutoka Busanza, akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Huyu siye." Alisema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu nyuma yangu. Usiku ule nilisikia wakizungumza na shangazi, na neno Ndera likatajwa bila kicheko. Asubuhi tulipanda basi.

Niliogopa sana, na siwezi kusema nilikuwa naogopa nini. Niliwaza watanifunga. Lakini tuliketi tu kwenye benchi bustanini na watu wengine waliochoka kama sisi, na zamu yetu ilipofika tulimkuta daktari kijana, mwanamke, aliyeniuliza maswali taratibu. Alinipa maneno matatu ya kushika, akazungumza mengine, kisha akayadai. Nilikuwa nalo moja. Nikalia. Alisubiri nimalize kulia, ndipo akaomba kuona mikono yangu. Aliona madoa meusi. Akaomba kuona tumbo, na kule kulikuwa na michirizi mipana ya rangi ya damu ya mzee, ambayo hata shangazi hakuwahi kuiona.

"Anatumia vidonge vya kunenepesha?" daktari alimuuliza shangazi. "Au krimu ya kujichubua?"

"Mimi? Nimpe mtoto wa kaka yangu vidonge?" Shangazi alisimama. "Daktari, huyu ananenepa kwa chakula yangu. Uliza Biryogo nzima!"

"Mama, keti. Sikulaumu. Kuna wasichana wengi wanavinunua sokoni, na vinafanya uso hivi hivi."

"Hajameza kitu."

Daktari alinigeukia. "Umemeza?"

Nilitikisa kichwa. Sijui kwa nini aliniamini. Aliandika karatasi, akasema, "Kama hajameza, basi mwili wake wenyewe ndio unaotengeneza kitu kile kile kilicho kwenye vidonge hivyo. Mpelekeni hospitali kubwa. Mimi nitamtazama upande wangu, lakini nadhani chanzo hakiko upande wangu."

Huko hospitali kubwa vipimo vilikuwa vingi, na sasa vinapimwa juu yangu. Walinipa kidonge nimeze usiku, wakachukua damu asubuhi. Walinipiga picha ya kichwa na ya tumbo. Walinipa pia kidumu cheupe, nikaambiwa mkojo wote wa siku moja, mchana na usiku, uingie humo, na kikae mahali pa baridi. Sisi mahali pa baridi ni chini ya meza ya kukatia, basi kikawekwa pale, kimefunikwa kitenge. Fundi wa kanzu aliona kiu akainama.

"Usiguse!" shangazi alipiga kelele.

"Si ni juisi ya bwana harusi?"

"Kunywa basi, uone kama utaoa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mimi kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na nilipotoa mkono, nilikuwa nimefuta kiuno cha mtu.

Majibu alitupa daktari mwingine, mzee kidogo, mwenye sauti ya chini. Alituchorea figo mbili kwenye karatasi, na juu ya kila figo kofia ndogo. Hizo kofia ni tezi, alisema, na moja ya kazi zake ni kutengeneza homoni inayoitwa kotisoli. Hiyo ndiyo inayomwamsha mtu na kumpa nguvu akipatwa na jambo. Asubuhi inapanda, jioni inashuka ili mtu alale. Juu ya kofia ya kushoto alichora kiduara. "Huu ni uvimbe. Hauonekani kuwa wa ile saratani mnayoiogopa. Lakini unatengeneza kotisoli saa zote, bila kuambiwa na mtu."

"Na kichwa yake?" shangazi aliuliza. "Tumemleta kwa sababu ya kichwa."

"Kichwani hatukuona uvimbe wowote. Kichwa chake kinaumizwa na kitu kilicho tumboni." Aligusa kando ya kichwa chake, juu ya sikio. "Ndani huku kuna sehemu ndogo inayopokea mambo mapya na kuyaweka. Kotisoli ikizidi kwa muda mrefu, sehemu hiyo inachoka, hata inasinyaa. Na ile inayomzuia mtu asiropoke hasira nayo inalegea, na ile ya hofu inakaa macho. Ni kama ubongo wake umeambiwa kuna hatari, na haujaruhusiwa kulala tangu siku hiyo."

Shangazi aliitazama ile karatasi ya figo. Kisha akasema, "Nilimweka mbele watu wamuone." Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa.

Nilikuwa na swali moja, na kwa haya zangu nililibeba mpaka mlangoni. Pale niligeuka nikauliza, "Zitarudi?"

"Nini?"

"Namba."

Alifikiri. Hilo namshukuru, kwamba alifikiri kwanza. "Tukiutoa, ubongo unapona kwa kiasi. Ile sehemu inaweza hata kujaa tena. Lakini polepole sana, na sitakuahidi kwamba yote yatarudi. Wengine wanabaki na upungufu."

Walinipasua, wakautoa pamoja na tezi yenyewe. Nilidhani nitaamka mwepesi. Hakuna aliyeweza kuniandaa kwa uchovu uliofuata. Tezi ya pili ilikuwa imelala muda wote, kwa sababu mwenzake alifanya kazi ya wote, na sasa haikujua kuamka. Dawa niliyopewa ilikuwa homoni ile ile, kwa vidonge, kidogo kidogo, nisije nikaanguka. Ajabu yake hiyo: nilichoumia kwa wingi wake nilikuwa siwezi kuishi bila yake. Viungo viliuma kama vya bibi kizee. Ngozi ilibanduka. Uso ulishuka, nikarudi kuwa sindano, na wateja waliopita walimtazama shangazi kwa jicho la lawama.

"Jamani, mtoto amekonda! Umemfanya nini?"

"Nimemtibu," alisema.

Miezi imekwenda hivyo. Nalala sasa. Hilo tu lilinishangaza kwa muda, kufumba macho na kukuta asubuhi. Hasira imeondoka, haya zimerudi mahali pake, nami nimezipokea kama mgeni niliyemkumbuka. Lakini kichwa bado ni kizito. Mtu akisema sentensi ndefu, mwisho wake unafika na mwanzo umeshatoka. Yule daktari wa Ndera ndiye aliyeniambia niandike, jambo dogo kila siku, la zamani au la jana, si kwa uzuri bali kwa mazoezi. Hizi ndizo karatasi zenyewe.

Ukuta bado una chaki. Kila mteja anapopimwa, shangazi anaandika, na mimi nakaa ndani nikitoa nyuzi. Sikumwomba chochote.

Juzi aliletwa mtoto mdogo wa jirani kushonewa kanzu ya Idi. Alikuwa hatulii, anazunguka na futi kama mbuzi na kamba. Shangazi alimshika bega, akataja namba. Nilisubiri nisikie chaki. Sikuisikia. Nilipoinua macho, alikuwa amemshika mtoto vile vile, hajageuka, na fundi wa kanzu alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. Nikaelewa kwamba ananingoja.

Nikarudia. Sauti ilitoka ndogo. Akataja kifua, nikarudia. Akataja urefu na mkono, nikarudia, na mtoto akakimbia.

Siku nzima sikuongea na mtu, zisije zikamwagika. Nilikwenda nazo sokoni, nikalala nazo. Asubuhi shangazi alitandaza kitambaa cheupe.

"Bega?" Nikajibu.

"Kifua?" Nikajibu.

"Urefu?" Nikajibu, baada ya kukaa kidogo.

"Mkono?"

Palikuwa peupe kama kile kitambaa. Nilitafuta. Nilisema, "Mkono sina."

Shangazi alichukua mkasi, akaanza kukata kifua. "Mkono tutampima tena," alisema. "Si anaishi hapo?"

Sijui kama huko ndiko kurudi, au ndiyo mwisho wa kurudi. Daktari hajui. Shangazi anasema nisimuulize Mungu kila siku swali moja. Lakini ninyi mnaosoma, kama yuko kati yenu aliyetolewa uvimbe kama wangu, au mwenye mama au dada aliyetolewa, naomba mniandikie. Aliyewapa karatasi hizi anajua pa kunipata. Msiogope mwandiko wenu, mmeshauona wangu. Niambieni tu kama mkono ulikuja, na ulichukua muda gani. Nitasoma polepole, na nitajibu polepole, lakini nitajibu.